Madam na Polisi wa Ndani ya Kompyuta

Kwa mwaka mzima niliamini, kwa moyo wangu wote na kwa akili zote nilizokuwa nazo wakati huo, kwamba Madam alikuwa amefungia polisi ndani ya kompyuta. Si picha ya polisi. Polisi mwenyewe. Habari nilizopewa stendi ya boda boda, Busia upande wa Uganda, zilikuwa kamili: askari huyo alifia kazini hapa mpakani, roho yake ikakataa kustaafu, Madam akaifuata mpaka Molo na mbuzi mweupe, akairudisha kwenye mfuko wa plastiki. Tangu hapo kila kompyuta aliyoigusa ilikuwa na mlinzi wa kudumu. Ukiiwasha, yale maandishi meupe yanayokimbia kwenye skrini nyeusi ndiyo maswali yake: wewe nani, umetoka wapi, umebeba nini. Ukijibu vibaya mashine inaganda, na hakuna wa kuigandua ila Madam.

Nami sikuipokea habari hiyo na kuiweka tu. Niliilisha. Abiria aliyepanda pikipiki yangu alishuka akijua kwamba polisi huyo ana buti namba kumi na moja, na kwamba ukitega sikio utamsikia akipiga saluti. Buti nilizitia mimi. Baada ya wiki moja abiria mwingine akanisimulia mimi habari za buti, nikakaribia kuingia mtaroni kwa mshtuko. Kumbe ni kweli!

Ndiyo sababu nilijiandikisha shule ya jioni. Wengine watakwambia walitafuta elimu. Mimi nilitaka kumwona polisi.

Madam alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani, sikuuliza, wala yeye si mtu wa kuelezea hayo. Nilimkuta hivyo hivyo alivyo: mwembamba kama mpini wa jembe, miwani imefungwa kwa kamba shingoni, sweta ya kijani ambayo jua la Busia halijawahi kumvua. Simu yake aliifunga ndani ya leso na kuizima, ili isichoke. Wiki nzima alikaa Busia kwenye chumba cha kupanga, na Ijumaa jioni alikwenda Mukuju kwenye shamba lake la karanga.

Darasa lilikuwa chumba cha nyuma cha ofisi ya kutoa mizigo forodhani. Mwenye ofisi tulimwita Mzee, mtu wa sauti kubwa na subira ndogo. Makubaliano yao yalikuwa ya mdomo: Madam ataitunza seva ya ofisi, ile mashine inayobeba hati zote za malori, na Mzee atamwachia chumba kuanzia saa kumi na moja jioni. Siku Mzee atakaposema basi, darasa limekwisha. Madam alishatafuta chumba kingine mji mzima akakosa. Sisi wanafunzi tulilijua hilo, tukawa tunapita mbele ya mlango wa Mzee kwa kunyata kama watu waliochelewa ibada.

Tulikuwa watu kumi na wawili, wote wakubwa, wote tumetoka kazini tukiwa na vumbi. Jirani yangu wa kiti alikuwa Mama Mukene, muuza dagaa. Upande wa Uganda aliuza mukene. Akivuka akauza omena. Samaki wale wale, beseni lile lile. Huyo mama alinitania tangu siku ya kwanza mpaka leo, na alinitania vibaya zaidi siku nilipoinua mkono wiki ya pili.

"Madam, naomba kuuliza. Huyu polisi anakula nini?"

Darasa likavunjika kwa kicheko. Mama Mukene alilala juu ya meza. Madam hakucheka. Alilifikiri swali langu kama alivyofikiri maswali yote, ya kipumbavu hasa.

"Si mtu," akasema. "Kaa vizuri nikueleze. Ukiwasha mashine ya Linux, mfumo unaoendesha hizi zetu, kinachoamka kwanza ni kiini chake. Na kiini kina mlinzi. Lakini mlinzi huyo anaamka kichwa kitupu, hajui nani aruhusiwe wapi. Kwa hiyo kabla ya mlango kufunguliwa anapewa daftari la amri. Hilo ndilo sera ya usalama. Programu ya kuchapa iguse printa, isiguse barua za watu. Asipolipata daftari, au akipewa asiloweza kulisoma, na ameambiwa awe mkali, basi hafungui. Anasimama pale pale."

"Si afungue tu, Madam, daftari litakuja baadaye?"

"Wewe ukiwa askari wa geti, siku ya kwanza kazini, hujapewa amri yoyote, utafungua?"

"Nitafungua kwa tabasamu."

"Ndiyo maana uko boda."

Hivyo ndivyo polisi wangu alivyokufa mara ya pili. Nilisikitika siku tatu. Lakini nje ya chumba kile mji uliendelea kumwamini, na Mzee, ambaye alikuwa na gari mbili na vyeti ukutani, alimwamini kuliko stendi nzima. Nilimsikia mara moja akimwambia dereva kwa sauti ya chini, "Hii mashine iko na mtu ndani. Usiweke soda karibu."

Ufundi wa Madam ulikuwa wa aina moja na ulituchosha sana. Mashine ikikataa kuwaka, hakuna kugusa kibodi. Kila mmoja anatoa daftari na kalamu, ananakili kwa mkono yote yaliyo kwenye skrini. Ndiyo, kwa mkono, kama watoto wa darasa la pili. Mama Mukene alilalamika kwamba amekuja kujifunza kompyuta, si mwandiko. "Soma ya kwanza, siyo ya mwisho," Madam alisema, na alilisema hilo mara nyingi kuliko nilivyosema "twende" katika maisha yangu ya boda. Maana sisi wote macho yalikwenda kwenye mstari wa mwisho, ule unaopiga kelele kwamba kila kitu kimekufa. Yeye alipanda juu, mstari kwa mstari, kidole kikitambaa kwenye kioo, mpaka akute pale mambo yalipoanza kuharibika kimya kimya.

Na alikuwa na chuki moja. Mtandaoni, ukiuliza habari za mlinzi huyu, watu kumi watakwambia mzime. Mzime tu, mashine itawaka, kalale. Madam akisikia hivyo alivua miwani. "Kumzima si kutengeneza. Ni kunyamazisha." Akivua miwani, ujue amekasirika. Akiivaa tena, ujue kazi imeanza.

Sasa msidhani alikuwa mtu wa mstari mmoja. Huyu huyu, bingwa wa usalama kutoka Busia mpaka mwisho wa dunia, nyumba yake ya Mukuju mlango ulifungwa kwa kamba ya katani. Nilimwuliza.

"Madam, wewe? Kamba?"

"Kuna nini ndani?"

"Hakuna kitu."

"Basi."

Jikoni kila kopo lilikuwa na karatasi iliyoandikwa jina kwa herufi kubwa, na sukari ilikaa kwenye kopo la chumvi. Alifundisha kwamba faili lisilo na muhuri wake sahihi halipiti kwa mlinzi, na chai yake niliinywa ya chumvi mara mbili. Kuivumilia mashine aliweza saa tatu nzima bila kubadili mguu, lakini kumvumilia binadamu amalize salamu hakuweza. Kwetu salamu ni safari, unauliza watoto, unauliza mvua, unauliza ng'ombe. Madam alijibu zote mapema. Mzee wa kanisa anaanza tu, "Habari za nyum..." naye, "Wazima, imenyesha, wanakamua, karibu." Kwaya walimpenda lakini aliimba kwa noti moja tangu mwanzo wa wimbo mpaka amina, kwa hiyo mwalimu wa kwaya akampa kazi ya kupanga viti.

Kuvuka mpaka, hata kwenda kununua mafuta ya taa, alipanga foleni na kugongewa muhuri. Sisi wengine tulipita na salamu tu, jirani anakwenda kwa jirani. Nilimwambia anapoteza siku. Akasema, "Hati ya upande huu upande ule ni karatasi tu." Nikaitikia. Mtu yeyote wa hapa anajua hilo tangu anyonyeshwe. Mimi nililijua pia. Ndilo linalonitia aibu katika ninayokwenda kuyasema.

Baada ya miaka miwili ya darasa Mzee aliniajiri. Nikauza pikipiki, nikanunua mashati mawili ya kola, na Madam akanipa neno la siri la seva, la dharura, ili yeye akiwa shambani ofisi isikwame. Mimi! Nilitembea mjini kama gavana.

Wakati huo ofisi ilikuwa imeleta programu mpya ya kuchapa hati, na mlinzi alikuwa anaikataa. Kila asubuhi anaikataa. Madam akasema Ijumaa anapoondoka, "Ngoja Jumatatu. Nitaandika amri yake niongeze kwenye daftari." Lakini Mzee alikuwa na tawi upande wa Kenya, na kule programu ile ile ilichapa kama mvua. Nikafikiri kama mtu wa mpakani. Sisi kinachokosekana huku tunakifuata kule; ndivyo tulivyokula, ndivyo tulivyovaa, ndivyo tulivyooa. Kama daftari la amri la kule linakubali programu, si nilichukue nilete?

Jumamosi asubuhi nikavuka na flashi, nikanakili daftari la amri la mashine ya ng'ambo, nikarudi nalo kwa miguu ndani ya mfuko wa shati, nikiwasalimia watu wa forodha kwa majina. Nadhani katika historia yote ya magendo ya Busia, mimi ndiye pekee niliyevusha amri za polisi. Nikaliweka kwenye seva. Daftari la zamani nikalifuta kabisa, yasije yakachanganyana. Nikazima. Nikawasha.

Maandishi yakakimbia, yakasimama. Skrini ikaandika kwamba imeshindwa kupakia sera ya usalama na kwamba inaganda. Ikaganda. Nami nikaganda.

Nje kulikuwa na lori la vifaranga wa siku moja kutoka Kenya, maboksi mpaka juu, na jua limeshapanda. Sauti yao ilijaa ofisini kama mafuta yanayochemka. Dereva akaingia bila kubisha.

"Boss, karatasi zangu ziko wapi? Hawa watoi hawana breki. Wakianza kukufa nitakuletea hapa mezani uwazike mwenyewe."

Mzee akaja kuangalia skrini. Uso ukabadilika rangi.

"Ni yeye," akasema. "Hii polisi yake imefunga sisi. Anataka mimi nambembeleza! Sawa. Tuma mtu Mukuju amlete. Akitengeneza, abebe viti yake. Leo darasa nafunga."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Neno moja tu, mimi. Mdomo wangu, ambao mama yangu aliwahi kuuombea kanisani upumzike, ulifungika kama geti. Nilimwona boda akiondoka kumfuata Madam, nikanyamaza. Mama Mukene alipita dirishani na beseni lake.

"Shemeji, mbona uso kama samaki ya juzi?"

Sikumjibu. Ndipo akajua kuna jambo zito, akaweka beseni chini, akabaki hapo hapo dirishani.

Madam alifika baada ya saa moja na nusu, buti za mpira zina udongo wa shamba. Salamu alizijibu kabla hazijatoka. Akatazama skrini.

"Nani ameandika?"

Hakuna aliyeandika. Akanigeukia. "Leta daftari. Andika." Nikanakili, vifaranga wanapiga kelele, Mzee anahema. Hakuuliza nani aliigusa mara ya mwisho. Hakuwahi kuuliza watu jambo ambalo mashine ingeweza kumwambia. Akasoma mstari wa kwanza, akashuka, akapanda tena. Akazima, akawasha, akaidaka kwenye ile menyu ya mwanzoni inayopita haraka kama kibao cha njia kwenye basi, akaongeza neno moja kwa ajili ya kuwaka huku kumoja tu: mlinzi aangalie na aandike, asikamate mtu.

Mashine ikanyanyuka.

"Basi!" Mzee akapiga makofi. "Iache hivyo hivyo! Milele!"

"Vifaranga wapite," Madam akasema. "Wakishapita narudisha mlinzi."

"Nasema iache. Ofisi ni ya nani?"

Madam akavua miwani.

"Ni yako, Mzee. Na chumba ni chako. Lakini mashine inayobeba hati za watu bila mlinzi siitunzi. Jumatatu nitakuja kuchukua ubao."

Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya nyanya. Mimi nilijua chumba kile kwake ni nini. Nilikuwa nimemwona Jumatano moja amebaki peke yake mle ndani, anafuta ubao ambao ulikuwa umeshafutwa. Dirishani Mama Mukene aliacha kupepea nzi.

Mzee akatazama nje, kwenye lori. "Pitisha kuku kwanza," akasema.

Hati zikatoka, lori likaondoka, kimya kikaingia ofisini. Madam akaendelea bila kuambiwa. Akafungua mahali daftari la amri linapokaa, akavaa miwani, akasoma.

"Hili ni la ng'ambo," akasema.

Akaeleza, kama yuko darasani, huku anamtazama Mzee peke yake. Kiini cha mashine ya huku ni cha zamani; kinasoma madaftari mpaka toleo fulani tu. Mashine ya tawi la Kenya ni mpya, na daftari lake ni la toleo la juu zaidi. Mlinzi alipewa daftari, akajaribu, hakuweza hata kulifungua, na la kwake halikuwepo tena. Kwa hiyo akafanya kazi yake sawasawa: akasimama. Mimi hakunitazama. Kutonitazama kwake kulikuwa na uzito wa mifuko miwili ya saruji.

Akarudisha daftari linaloifaa mashine ile kutoka flashi yake ya akiba, akaongeza na amri ya ile programu ya kuchapa, akaiagiza mashine igonge muhuri upya kwenye kila faili itakapowaka. Kisha akaiwasha, akavuta kiti, akakaa. Mashine ikapita faili moja moja, polepole kama mkaguzi mwenye njaa ya kazi. Ilipomaliza ikajizima, ikawaka yenyewe, mlinzi yuko macho, mlango wazi. Programu ikachapa karatasi ya kwanza, safi.

Ndipo wakaingia chumba cha ndani, yeye na Mzee, wakafunga mlango. Niliwaona kupitia kioo. Mzee alirusha mikono juu. Madam alisema maneno, labda sentensi nne. Zaidi ya hapo si yeye. Mikono ya Mzee ikashuka. Walipotoka Mzee alinitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayemchagua mbuzi mnadani.

"Wewe. Kutoka Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi, kila siku, hapo na Madam. Mpaka yeye aseme imetosha."

Nikadhani nimepandishwa cheo. Nilimnunulia Mama Mukene soda.

Darasa halikufungwa. Miezi minane nilifika alfajiri ile ya saa kumi na mbili, na miezi minane Madam alinifundisha kilichobaki, bila kuitaja Jumamosi ile hata kwa kikohozi. Leo nafanya kazi Tororo, nina mashine tano chini ya mkono wangu na kadi shingoni, na Alhamisi nashuka Busia kufundisha kwenye chumba kile kile. Na kila nilipokwenda, harusini, misibani, hata kwenye kikao cha kuchangia mabati ya kanisa, nilisimulia jinsi Madam alivyonisitiri. Katika simulizi yangu Mzee alipiga meza ikapasuka, na Madam akamwangalia machoni akasema ni panya, panya wamekula waya. Watu walilia. Mimi mwenyewe nililia, tena zaidi ya mara moja.

Magoti yalipomkatalia safari, Madam alibaki Mukuju. Mwezi uliopita nilikwenda kumwona, na sukari na sabuni kama inavyopaswa. Nilimkuta uani anamenya karanga, sweta ni ile ile. Akanisogezea ungo, tukamenya wote. Nilikuwa nimejipanga njia nzima.

"Madam, ile Jumamosi ya vifaranga. Daftari la ng'ambo nililileta mimi."

"Najua."

"Najua kwamba unajua. Nimekuja kushukuru. Kila mahali nasema, bila wewe kunificha kwa Mzee ningekuwa bado napakia abiria."

Mikono yake ikasimama.

"Nani alikuficha?"

"Wewe. Mle ndani. Ulimwambia ni panya."

"Panya!" Akacheka, mtu ambaye darasa letu zima lilishindwa kumchekesha miaka miwili, mpaka miwani ikaanguka kwenye karanga. Akaiokota, akaifuta kwa pindo la sweta, akaivaa.

"Sikukuficha," akasema. "Nilimwambia ni wewe. Nikamwambia na neno la siri nilikupa mimi, kwa hiyo kama anafukuza, afukuze wawili."